Ngeli Ndani ya Kitufe: Historia Fupi ya Zana za Kujengea Madirisha ya Kompyuta

Katika semina za Kiswahili, na hata katika mazungumzo ya kawaida ya walimu, kuna dai ambalo hurudiwa mara kwa mara: kwamba Kiswahili hakikai vizuri kwenye kompyuta. Wanaodai hivyo hawakosi mifano. Wameona programu iliyotafsiriwa ambamo neno limekatwa katikati kwa kukosa nafasi juu ya kitufe. Wameona sentensi ambayo kitenzi chake hakipatani na nomino yake, kosa ambalo mwanafunzi wa kidato cha kwanza angepigiwa mstari mwekundu. Wakishaona hayo hurudi kwenye Kiingereza, na dai likapata shahidi mwingine.

Makala haya yanalichunguza dai hilo kwa njia ya historia. Tunashikilia kwamba nyingi ya kasoro hizo hazikutokana na Kiswahili, wala hazikutokana na uvivu wa wafasiri. Zilitokana na uamuzi uliofanywa na watunga programu wa Marekani na Ulaya, miaka mingi kabla neno la kwanza la Kiswahili halijaandikwa kwenye menyu, kuhusu mahali pa kuweka maneno na namna ya kuyaunganisha. Kwa hiyo tunamwomba msomaji atuvumilie tukipita njia ambayo idara ya lugha haipiti mara nyingi.

Tutashughulika na programu za kompyuta ya mezani zilizoandikwa kwa lugha kama C, C++ au Pascal, ambazo kompaila huzigeuza kuwa amri zinazotekelezwa na prosesa moja kwa moja, bila mkalimani katikati. Mtunzi wa programu ya namna hii hachori kila dirisha mwenyewe. Vitufe, menyu, visanduku vya kuandikia na vidirisha vya kuuliza maswali huchukuliwa kutoka maktaba iliyokwisha kutengenezwa na wengine. Maktaba hiyo ndiyo tutakayoiita hapa zana za madirisha. Fundi seremala akinunua fremu za milango zilizo tayari, upana wa mlango umeshaamuliwa na kiwanda. Ndivyo ilivyo pia kwa anayejenga programu: mambo mengi kuhusu maneno yatakayosomwa na mtumiaji yameshaamuliwa na aliyetunga zana.

Maneno yatengwa na amri

Wazo la kuiendesha kompyuta kwa madirisha na kipanya lilikomaa katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, ambako mashine iitwayo Alto ilitengenezwa mwaka 1973. Biashara ya Xerox katika eneo hilo haikufanikiwa sana. Aliyeyafikisha madirisha kwa watu wengi alikuwa Apple, kwa kompyuta ya Macintosh iliyotoka Januari 1984.

Macintosh hiyo ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 tu. Zana zake za madirisha, zilizoitwa Toolbox, zilihifadhiwa ndani ya chipu ya ROM ya kilobaiti 64. Katika udogo huo kulikuwa na jambo moja ambalo sisi watu wa lugha tunapaswa kulitambua. Mmoja wa watunzi wake, Bruce Horn, alibuni utaratibu wa kuyatenga maneno, picha na maumbo ya madirisha na amri za programu. Maneno yalikaa katika sehemu yake ya faili, na mtu aliweza kuyabadilisha bila kuigusa programu wala kuirudisha kwa kompaila. Kabla ya hapo, kwa kawaida mwenye kutaka kutafsiri programu alilazimika kupewa msimbo chanzo wote, akatafute maneno katikati ya maelfu ya mistari ya amri. Kwa utaratibu huu mfasiri alipata meza yake mwenyewe.

Microsoft walifuata nyayo hizo kwa Windows, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka Novemba 1985. Humo pia maneno yaliwekwa katika faili la pembeni, ambamo kila kidirisha kilielezwa: kitufe hiki kiko hapa, upana wake ni huu, kimo chake ni hiki. Vipimo vyenyewe vilitokana na herufi. Kizio kimoja cha mlalo kilikuwa robo ya wastani wa upana wa herufi ya fonti inayotumika. Hesabu hii ilikuwa na akili, kwa sababu fonti ikikua kidirisha nacho kinakua. Hata hivyo haikujua kitu kuhusu neno lililomo. Kitufe kilichopimwa kwa neno la Kiingereza la herufi 4 kilibaki na upana wake hata kikipewa neno la herufi 9.

Hapa ndipo lilipozaliwa neno lililokatwa. Tuchukue maneno ya kawaida ya menyu. "Undo" lina herufi 4, "Tendua" lina 6. "Paste" lina 5, "Bandika" lina 7. "Help" lina 4, "Msaada" lina 6. "Print Preview" likitafsiriwa kwa ukamilifu linakuwa kirai kizima. Kijerumani kilikutana na shida hiyo hiyo, na Kifini pia, lakini kampuni zilizouza programu Ujerumani zilikuwa na sababu ya kibiashara ya kumlipa mtu akae apanue vidirisha kimoja baada ya kingine. Kwa Kiswahili mlipaji huyo hakuwepo. Mfasiri alipewa orodha ya maneno, hakupewa vidirisha, na mara nyingi hakujua neno lake litaangukia wapi.

Vita vya leseni kule kaskazini

Wakati Apple na Microsoft wakiuza madirisha yao, vyuo vikuu vilikuwa na ulimwengu wao wa Unix. Mwaka 1984 chuo cha MIT kilianza mfumo uitwao X Window. Watunzi wake waliamua kwa makusudi kwamba X itatoa uwezo wa kuchora tu, na haitaamua kitufe kiwe na sura gani. Uamuzi huo uliacha pengo, na pengo hilo likajazwa na wenye biashara. Zana iliyoenea zaidi miongoni mwa kampuni za Unix, Motif, ilitoka mwaka 1989 na ilikuwa ya leseni ya kulipiwa.

Wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walianza mwaka 1995 kutunga programu ya kuhariri picha iitwayo GIMP. Mwanzoni waliijenga juu ya Motif. Mattis alipochoshwa na Motif aliamua kutunga zana zake mwenyewe, nazo ndizo zilizokuwa GTK. Programu ya picha ikazaa zana, na zana zikaishi maisha marefu kuliko ilivyotarajiwa.

Huko Trondheim, Norway, vijana wengine wawili, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, walikuwa wakishughulikia hifadhidata ya picha za altrasaundi ambayo ilitakiwa ifanye kazi kwenye Unix, Macintosh na Windows. Mwaka 1991 walianza kuandika zana za C++ ambazo zingewezesha programu moja kuandikwa mara moja na kujengwa kwa mifumo yote hiyo. Waliziita Qt. Inasimuliwa kwamba herufi Q ilichaguliwa kwa sababu ilipendeza machoni katika fonti aliyokuwa akiitumia Nord, jambo ambalo sisi tunaohangaika kuunda istilahi kwa vigezo kumi tunaliona kuwa anasa. Kampuni yao, iliyokuja kuitwa Trolltech, ilianzishwa mwaka 1994, na Qt ilitolewa hadharani kwa mara ya kwanza mwezi Mei 1995.

Tarehe 14 Oktoba 1996 mwanafunzi wa Kijerumani, Matthias Ettrich, alitangaza mradi wa KDE, uliokusudia kuipa Linux sura kamili ya madirisha kwa kutumia Qt. Ugomvi ukazuka. Qt ilitolewa bure kwa waliotunga programu huria kwenye Unix, lakini leseni yake haikuruhusu mtu kuibadilisha na kuisambaza alivyoibadilisha. Agosti 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena, wote wa Mexico, walianzisha mradi mwingine, GNOME, ambao ulichagua GTK kwa sababu leseni yake ilikuwa huru. Trolltech walilegeza masharti hatua kwa hatua, hadi Septemba 2000 walipoitoa Qt ya Unix chini ya leseni ya GPL. Nokia walipoinunua kampuni hiyo mwaka 2008 waliongeza leseni ya LGPL mwaka uliofuata, na mwaka 2012 Qt iliuzwa tena kwa Digia ya Finland.

Msomaji anaweza kuuliza: ugomvi wa leseni wa vijana wa Ulaya na Marekani unatuhusu nini? Unatuhusu kwa sababu leseni ndiyo iliyoamua nani ana haki ya kutafsiri. Programu iliyofungwa hutafsiriwa pale mwenye nayo anapotaka, kwa lugha anazotaka, kwa kadiri anayotaka. Programu huria inaweza kutafsiriwa na idara ya Kiswahili bila kumwomba mtu ruhusa. Mlango huo ulipofunguliwa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa miongoni mwa waliouingia mapema katika eneo letu.

Jambo OpenOffice

Mradi wa Kilinux, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46, ulitoa mwishoni mwa mwaka 2004 programu za ofisi kwa Kiswahili zilizopewa jina la Jambo OpenOffice. Mwaka huo huo Microsoft nao walikuwa wametangaza kwamba wangetayarisha sura ya Kiswahili ya Windows na Office. Kazi yao ilikuja kwa namna ya vifurushi vya lugha vilivyovikwa juu ya Kiingereza kama shuka juu ya godoro. Sehemu zinazotumika zaidi zilifunikwa, na mtumiaji akienda pembeni kidogo alikutana tena na Kiingereza.

Tunaitazama Jambo OpenOffice kwa makini zaidi kwa sababu ilifanywa na chuo, na kwa sababu zana zake zilikuwa na historia ya peke yake. OpenOffice ilitokana na StarOffice, programu ya kampuni ya Kijerumani ya StarDivision, ambayo Sun Microsystems waliinunua mwaka 1999 na kuifungua kwa umma mwaka 2000. Haikutumia Qt wala GTK. Ilikuwa na zana zake yenyewe, VCL, zilizotungwa ili programu ionekane ileile kwenye mifumo mbalimbali. Katika zana hizo kila kitufe na kila maandishi ya kidirisha yalipewa nafasi na upana maalumu, kama katika Windows ya zamani.

Basi wafasiri walipotafuta istilahi za Kiswahili walikuwa na mabwana wawili. Bwana wa kwanza alikuwa sarufi na maana. Bwana wa pili alikuwa mstatili uliopimwa Ujerumani. Mjadala wetu wa istilahi, tangu enzi za TUKI hadi sasa, umejikita katika chanzo cha neno: tukope, tutohoe, tuunganishe, au tufufue neno la kale? Tumebishana kuhusu kompyuta na tarakilishi, kipanya na buku. Mara chache tumeuliza neno lina upana gani. Ukweli ni kwamba neno fupi lilikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuishi kwenye menyu kuliko neno sahihi, na ni vigumu kuitathmini tafsiri ya kompyuta ya miaka ile kwa haki bila kulizingatia jambo hilo.

Qt na GTK zilikuwa zimechukua njia tofauti. Katika zana hizo mtunzi wa programu hasemi kitufe kiko wapi; anasema vitu hivi vipangwe kwa mstari, vile kwa safu, na zana zenyewe zinapima neno wakati programu inapofunguka, kisha zinagawa nafasi. Neno likirefuka, dirisha linatanuka. LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice, ilianza na toleo 4.0 la mwaka 2013 kuvibadilisha vidirisha vyake kufuata mpango wa namna hii. Kidirisha kimoja baada ya kingine kilijengwa upya. Tangu hapo neno "Tendua" halina haja ya kujikunyata.

Ngeli

Tatizo la nafasi, basi, lilipata dawa. Tatizo la upatanisho ni gumu zaidi, na ndilo linaloihusu idara yetu moja kwa moja.

Programu haina sentensi nyingi kama inavyoonekana. Ina vipande. Mtunzi huandika sentensi yenye pengo, na programu hulijaza pengo hilo wakati wa kazi. Kwa Kiingereza anaweza kuandika "%s not found", ambapo alama ya asilimia na herufi s hushika nafasi ya kitu chochote: faili, printa, kamusi, kabrasha. Kiingereza hakijali. Kwa Kiswahili, faili haikupatikana, kabrasha halikupatikana, kifaa hakikupatikana, ukurasa haukupatikana, vifaa havikupatikana. Mfasiri anaombwa aandike kitenzi kimoja bila kujua kiima chake. Vyovyote atakavyoandika, atakosea katika ngeli nyingi na kupatia katika chache. Msomaji atakayeona "kabrasha haikupatikana" atasema mfasiri hajui Kiswahili.

Tuongeze na faili lenyewe. Wapo wasemao "faili imefutwa" na wapo wasemao "faili limefutwa", na wote tunakaa nao katika chumba kimoja cha walimu. Wafasiri wawili wakigawana programu moja, kila mmoja na mazoea yake, matokeo yanajulikana.

Zana kuu ya kutafsiri programu huria, gettext ya mradi wa GNU, iliyotolewa mwaka 1995, ilijengwa juu ya kanuni moja rahisi: sentensi ya Kiingereza ndiyo ufunguo, na tafsiri ndiyo inayofunguliwa. GNOME na programu nyingi za GTK ziliitumia. Kanuni hiyo ina uzuri wake, kwani tafsiri isipokuwepo Kiingereza hujitokeza badala ya nafasi tupu. Lakini maana yake ni kwamba maneno mawili yanayofanana kwa Kiingereza yana tafsiri moja tu.

Chukua neno "New", ambalo halikosekani katika menyu. Kwa Kiswahili ni kivumishi kinachosubiri nomino: kabrasha jipya, kichupo kipya, waraka mpya, madirisha mapya. Umbo "mpya" linapatana na ngeli kadhaa, na huenda ndiyo sababu wafasiri wengi hulikimbilia, lakini halipatani na dirisha wala kabrasha. Qt ilikuwa na nafuu kidogo, kwa sababu tangu zamani iliambatisha kila neno na jina la sehemu ya programu linamotoka, hivyo "New" ya dirisha moja iliweza kutafsiriwa tofauti na ya dirisha jingine. Kwa gettext, uwezo rasmi wa kutofautisha maneno kwa muktadha uliongezwa katika toleo la mwaka 2006. Kabla ya hapo kila mradi ulibuni ujanja wake wa kubandika maelezo mbele ya neno.

Wingi nao una kisa chake. Watunzi wa Kiingereza walizoea kuandika nomino na kuiongezea herufi s ndani ya mabano, au kuiamuru programu ibandike s pale idadi inapozidi moja. Ujanja huo unategemea imani kwamba wingi unakaa mwishoni mwa neno, na kwamba unakaa katika nomino peke yake. Kwa Kiswahili wingi unakaa mwanzoni, na unatembea katika sentensi nzima: kipengee 1 kimefutwa, vipengee 5 vimefutwa. Hapa lazima tukiri kwamba zana zilirekebishwa, ingawa si kwa ajili yetu. Lugha kama Kipolandi na Kirusi zina maumbo zaidi ya mawili ya wingi, na wafasiri wake walipiga kelele. Baadaye gettext iliruhusu kila lugha itangaze ina maumbo mangapi na kanuni ya kuyachagua, na Qt ikafanya vivyo hivyo. Kiarabu hutangaza sita. Kiswahili kinatosheka na mawili. Sentensi nzima hutafsiriwa mara mbili, ya umoja na ya wingi, na upatanisho ukasalimika.

Kwa hiyo idadi ilipata mlango rasmi ndani ya zana. Ngeli haikuupata. Hadi leo gettext na Qt hazina mahali pa kueleza kwamba neno litakaloingia katika pengo ni la ngeli ya KI-VI na kitenzi kifuate. Mfumo uitwao Fluent, uliotungwa na Mozilla na kufikia toleo 1.0 mwaka 2019, unaruhusu mfasiri aambatishe sifa ya kisarufi kwenye istilahi na kuitumia kuchagua umbo la sentensi. Umbo lake linaweza kuzibeba ngeli zetu. Lakini Fluent ilitungwa kwa ajili ya Firefox na jamaa zake, na programu nyingi za mezani za GTK na Qt hazijaitumia. Aidha, programu nyingi mpya za mezani sasa hujengwa kwa zana za kurasa za wavuti, kama Electron iliyoanza mwaka 2013, na kila moja huja na utaratibu wake wa kutunza maneno.

Kuna kero nyingine ndogo ambayo wanafunzi wetu hucheka kila wanapoigundua. Menyu za madirisha huruhusu mtu achague amri kwa kubonyeza herufi moja iliyopigiwa mstari. Katika Windows na Qt mfasiri huweka alama ya & mbele ya herufi hiyo; katika GTK huweka mstari wa chini. Herufi zisigongane. Sasa tazama amri zetu: Faili, Fungua, Funga, Futa. Hifadhi, Hariri, Hamisha. Tafuta, Tendua, Tazama, Toka. Kiingereza nacho hugongana, lakini Kiswahili kimejaza vitenzi vyake vya kazi hii katika herufi chache mno, na "fungua" na "funga", ambazo maana zake zinapingana, zimetenganishwa na silabi moja. Mfasiri hulazimika kupiga mstari herufi ya tatu au ya nne, na mtumiaji akaiona kama kosa la chapa.

Zoezi darasani

Katika kozi yetu ya tafsiri hapa Uganda tumekuwa tukiwapa wanafunzi faili la maneno ya programu ya kawaida, lenye mapengo yake, bila kuwaonesha madirisha, ili waikute hali ileile waliyoikuta wafasiri. Wengi wa wanafunzi hawa wamelelewa katika Luganda, Runyankore au lugha nyingine ya Kibantu, hivyo ngeli si mgeni kwao. Siku ya kwanza hutafsiri kama walivyofundishwa shuleni, neno kwa neno, na karibu kila sentensi yenye pengo huharibika. Siku ya pili tunawaomba watafute njia ya kuitoroka zana kwa kutumia sarufi yenyewe.

Njia hupatikana, na tunaona zinafaa kuorodheshwa katika vitabu vya kiada vya tafsiri. Ya kwanza ni kulitanguliza pengo kwa nomino ambayo ngeli yake inajulikana, ili nomino hiyo itawale kitenzi: "Kitu kiitwacho %s hakikupatikana." Pengo likijazwa neno la ngeli yoyote, kitenzi kinapatana na "kitu" na hakuna anayelalamika. Sentensi inarefuka, lakini katika zana zinazopima neno zenyewe urefu si kikwazo kikubwa. Ya pili ni kukimbia kivumishi na kushika kitenzi. Badala ya "Mpya", andika "Unda" au "Anzisha", ambavyo haviulizi ngeli ya mtu. Ya tatu ni kuelekea kwenye viambishi vya mahali na vya jumla: "hakuna", "hamna", "vyote". Mwaka mmoja mwanafunzi alipendekeza "Chagua vyote" kwa amri ya kuchagua kila kitu, kwa hoja kwamba VI- hiyo inawakilisha vitu visivyotajwa. Darasa lilibishana nusu saa kabla ya kumkubalia.

Baadhi ya wanafunzi hufika mbali zaidi, wakauliza kwa nini wao ndio wainamie zana, badala ya zana kuwainamia. Swali hilo tunalipeleka kwa wenzetu wa idara ya sayansi ya kompyuta, ambako C++ na Qt hufundishwa bila somo lolote la isimu, kama ambavyo kwetu isimu hufundishwa bila mstari mmoja wa amri. Kipolandi kilipata kanuni yake ya wingi kwa sababu wasemaji wake walikuwepo mezani wakati zana zinarekebishwa. Zana zenyewe ziko wazi: msimbo chanzo wa GTK, wa gettext na wa Qt unaweza kusomwa na yeyote, na mapendekezo ya mabadiliko hupokewa kutoka kwa yeyote anayeweza kuyaandika kwa lugha ya programu. Kinachotakiwa kuandikwa kinafahamika: orodha ya istilahi yenye ngeli ya kila neno, na kanuni inayochagua kiambishi kutokana na orodha hiyo. Orodha ya namna hiyo ingehitajika vilevile kwa Luganda, Kinyarwanda na Kirundi, kwa majina yake ya ngeli. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetafuta mada anakaribishwa ofisini kwetu, na aje na mwenzake wa upande wa kompyuta.